Je, Wajua? Ndoa ya Binti wa Kenya Iliyowagawa Wasomaji

Storm, malkia wa mvua na radi katika katuni za X-Men, ana damu ya Kenya: mama yake, N'Daré, ni binti mfalme wa Kikenya. Alipojitokeza kwa mara ya kwanza mwaka 1975, alikuwa akiabudiwa nchini Kenya kwa kuleta mvua. Msomaji wa Voi, ambako mahindi hukauka mvua za vuli zikichelewa, hahitaji kuelezwa uzito wa kipaji hicho.

Mwaka 2006 Marvel, kampuni inayochapisha katuni hizo, ilimwoza kwa T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuniwa ya Wakanda. Wapo wasomaji walioshangilia, na wapo walionung'unika kwamba uchumba ulikwenda mbio mno. Kisha, mwaka 2012, baada ya Namor, mfalme wa Atlantis, kuigharikisha Wakanda, T'Challa akaibatilisha ndoa kwa amri yake. Mashabiki wakachachamaa, na walikuwa na haki: mke hakuulizwa neno.

Wenzao wa DC, kampuni shindani ya Marvel, waliwahi kuachiwa uamuzi wenyewe. Mwaka 1988 walipiga simu kuamua iwapo Jason Todd, aliyekuwa Robin, msaidizi wa Batman, wakati huo, afe au aishi. Kura 5,271 zilimtetea. 5,343 zilitaka afe. Robin akafa kwa tofauti ya kura 72.