Ulimi Bila Maneno: Filimbi katika Muziki wa Sauti Nyingi wa Karne ya 16

Mwaka 1540 ndugu watano wa ukoo wa Bassano, mafundi na wapigaji kutoka Venice, waliingia katika utumishi wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Kazi yao ilikuwa kupiga kwa pamoja filimbi za wima, zinazopulizwa nchani. Orodha ya mali ya mfalme ya mwaka 1547 ilihesabu 76. Vikundi vya namna hii vilipiga pia tungo nyingi zilizokusudiwa waimbaji. Hapo ndipo penye swali: wimbo ukiondolewa maneno, hubaki na nini?

Katika muziki huo, uitwao polifonia, hakuna sauti inayoongoza na nyingine zikaisindikiza. Sauti moja hutangulia na kipande cha wimbo. Ya pili hukipokea, juu au chini zaidi, nayo ya kwanza imekwisha kusonga mbele. Wanapoimba watu, msikilizaji huitambua sauti inayoingia kwa kuwa husikia maneno yale yale yakianza upya. Filimbi haina maneno. Tena filimbi za kikundi, ndogo kwa kubwa, hufanana mno kwa mlio. Hata pumzi haisaidii sana: mpigaji akiizidisha, mlio hupanda, akiipunguza, hushuka, na ulinganifu ukaharibika.

Kilichobaki ni ulimi. Silvestro Ganassi, katika kitabu chake Fontegara kilichochapwa Venice mwaka 1535, alifundisha kwamba filimbi iige sauti ya binadamu. Akaweka jozi tatu za silabi za kutamkwa bila sauti ndani ya ala. Kwa tahajia ya Kiswahili ni teke, iliyo kali. Tere, iliyo ya wastani. Na lere, iliyo laini. Mwanaisimu ataona mara moja mantiki yake: t na k ni vipasuo, hukata pumzi kabisa, l ni kitambaza na r ni kimadende, navyo huiacha ipite. Msemaji wa Lubumbashi, aliyezoea kusikia l na r zikibadilishana bila kugeuza maana ya neno, huenda akastaajabu kuziona zikipewa kazi kubwa hivyo.

Basi sauti inayoingia ikianza kwa te, huku nyingine zikitiririka kwa lere, sikio huinasa. Jambo hili liliwafaa wapigaji wenyewe pia. Kwa kawaida kila mmoja alisoma kitabu chenye sauti yake peke yake, bila kuona za wenzake; kwa pigo la ulimi wa jirani aliweza kujua kwamba wimbo umekwisha kupokewa.