Mlio Mmoja, Tonge Moja
Mimi chuoni nilifunzwa kwa bakora. Panya buku wa Morogoro hufunzwa kwa tonge. Huko, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO humzoeza mnyama huyu kwamba kidude kikilia "ta!", hupewa kipande cha ndizi. Kisha hunusishwa baruti: akiitambua, mlio na ujira papo hapo, akikosea hapigwi, hukosa tonge tu.

Magawa, mzawa wa 2013, alifichua mabomu zaidi ya 100 huko Kambodia. Kwa wepesi wake hata akilikanyaga halikuripuka. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza; akafa Januari 2022.

Enyi walimu wenzangu na wazazi, ikiwa panya hufunzika kwa ahsante, mwana wa Adamu je?