Mazingira Chini ya Amri ya Saba

Mkatoliki anayetaka kujua Kanisa lake linasema nini kuhusu kufyeka msitu au kumwaga sumu mtoni huenda akaanza kutafuta katika habari za uumbaji, penye Adamu na bustani. Atakuta mengi huko, lakini maelezo kuhusu wajibu wa kutunza mazingira Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, imeyaweka mbali kidogo, kuanzia namba 2415 hadi 2418, chini ya amri ya saba: Usiibe. Kitabu hicho kilitolewa mwaka 1992, na mpangilio huo haukuja kwa bahati. Maana yake ni kwamba uharibifu wa mazingira unagusa mali, na mali hiyo ina wenyewe.

Wenyewe ni nani? Hapo ndipo mafundisho yanapoanza kubana. Kanisa linashikilia kwamba vitu vya dunia viliwekwa kwa ajili ya watu wote. Haki ya mtu kumiliki shamba lake inatambuliwa, ila inakuja nyuma ya kusudi hilo na haiwezi kulifuta. Toma wa Akwino alilipeleka wazo hili mbali katika karne ya 13: aliye katika dhiki ya kufa akichukua kitu cha mwingine ili apone, hajaiba. Katekisimu inaongeza wenye haki ambao hawawezi kwenda mahakamani wala kuitisha mkutano wa kijiji, yaani watu ambao bado hawajazaliwa. Anayekausha chemchemi leo anachota maji ya mtu asiyepewa hata jina.

Wapo wanaodhani haya yote yameletwa na Papa Fransisko. Sivyo. Papa Paulo VI alikwisha kuonya mwaka 1971. Yohane Paulo II alitumia ujumbe wake wa Siku ya Amani ya Januari 1, 1990 kuzungumzia jambo hilo. Benedikto XVI akalirudia mwaka 2009. Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikubali kitu ambacho mwanahistoria Mmarekani Lynn White alikuwa amekilalamikia tangu mwaka 1967: kwamba Wakristo walilisoma vibaya neno la kuitawala dunia, wakalifanya ruhusa ya kupora. Papa aliwarudisha kwenye sura ya pili ya Mwanzo, ambako mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza.

Wizi, tofauti na dhambi nyingine nyingi, hauishii kwenye maungamo. Aliyeiba anadaiwa kurudisha. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, alilijua hilo, ndiyo maana hakuishia kuomba radhi bali alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu angewalipa mara nne. Basi Fransisko anapolitaja deni la kiikolojia ambalo nchi tajiri zinadaiwa na nchi za Kusini, yuko katika mantiki ya Zakayo. Fedha zinazodaiwa kwa msingi huo si sadaka, na ni kosa kuzipokea kwa shukrani za mpewa sadaka.

Tusikimbilie kunyoosha kidole Ulaya, hata hivyo. Chukua gunia la mkaa linaloingia Dar es Salaam. Nyuma yake yupo aliyekata mti, mwenye lori, askari aliyepokea chochote kwenye kizuizi cha barabarani, mfanyabiashara wa jumla, na mama lishe aliyewasha jiko. Je, wote wana hatia sawa? Teolojia ya maadili inakataa. Katekisimu inafundisha kwamba lawama hupungua, au huondoka kabisa, kwa sababu ya kutojua, hofu, shuruti au mazoea. Mchoma mkaa ambaye mahindi yake yameungua shambani kwa ukame hasimami mahali pamoja na mwenye lori. Askari ana hali mbaya zaidi, maana kutozuia ubaya wakati kuuzuia ni wajibu wako kunahesabiwa kuwa kushiriki dhambi ya mwingine.

Na sisi wa Kanisa? Serikali ya Tanzania imekwisha kuzitaka taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kupikia kuni na mkaa. Seminari na shule zetu nyingi za bweni zimo katika hesabu hiyo. Mkuu wa shule mwenye uwezo wa kununua jiko la gesi, akalikwepa kwa sababu kuni ni rahisi, hawezi kujificha nyuma ya shuruti inayompunguzia lawama yule mchoma mkaa.

 

Sinodi ya maaskofu kuhusu Amazonia ya Oktoba 2019 ilipendekeza kuwepo na fasili rasmi ya dhambi ya kiikolojia, na mwezi uliofuata Fransisko akasema wanafikiria kuiingiza katika Katekisimu. Alifariki Aprili 2025 kabla haijaingizwa. Kwa maoni yangu, muungamishi hana haja ya kuisubiri. Akija mtu aliyeuza miti ya chanzo cha maji, amri ya saba inatosha kumwuliza atarudishaje. Kupanda mikaratusi palepale si kurudisha, kwa kuwa mti huo hunywa maji mengi. Inatakiwa miti ya asili ya mahali hapo, na mtu wa kuilinda hadi ikomae. Kisha kuna wale wa bondeni, wanaonunua maji kwa madumu tangu chemchemi ikauke. Nao wanadai.