Kuacha Kazi na Kuachishwa Kazi



Mtu anapoondolewa kazini, habari huingia nyumbani kwa maneno mengi. Jirani husema, "Fulani amemwaga unga." Mwengine husema, "Amepigwa kalamu." Barua ya mwajiri nayo husema, "Umeachishwa kazi." Twayatumia kama kwamba ni mamoja, kumbe kila moja lina uzito wake.

Asemaye "amemwaga unga" humfanya aliyeondolewa kuwa ndiye mtenda, kana kwamba chakula cha wanawe kimemponyoka kwa uzembe wake. "Amepigwa kalamu" humfanya mtendwa: jina lilikuwemo orodhani, likapigwa mstari. Hata hivyo, aliyeishika kalamu hatajwi.

Tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya kuacha na kuachishwa. Aliyeacha ameondoka kwa hiari yake. Aliyeachishwa ameondolewa na mwengine. Kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, anayepunguzwa kazi pasi na kosa hustahili notisi ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Mama aliyepika hotelini miaka 6 ana mshahara wa siku 90. Lakini akitia sahihi barua isemayo "nimeacha kazi kwa hiari yangu", kwa haya au kwa kutojua, haki hiyo yaweza kumpotea. Na atuhumiwaye kosa sharti aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na asikilizwe, kabla ya kuachishwa.

Tusisahau kuwa nasi pia tu waajiri. Dada atusaidiaye nyumbani, ikiwa hulipwa kwa mwezi, hustahili notisi ya maandishi ya siku 28, au mshahara wa siku hizo. Kumwambia asubuhi "funga virago vyako", kisha tukawaambia majirani kwamba "ameacha mwenyewe", ni kumdhulumu mara mbili: ujira wake na jina lake.

Basi kabla ya kutia sahihi, tulisome neno lililoandikwa. Na baba au mama akirudi nyumbani bila kazi, watoto wasiambiwe kuwa amemwaga unga. Waambiwe kwamba ameachishwa kazi. Riziki i kwa Mola, na heshima ya mzazi ibaki mahala pake.