Kuaminiana hakuletwi na dawa: Somo kutoka Ufipa

WAHENGA walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wakazi wengi wa mijini wanaijua vyema maana ya methali hiyo. Rafiki wa miaka mingi hukopeshwa fedha, siku ya kulipa ikifika simu haipokelewi, na urafiki hufia hapo. Swali ni jinsi gani mtu anaweza kumtambua mwenzake wa kuaminiwa kabla hasara haijatokea.

Jibu mojawapo linapatikana katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, ambako Mwazye, wilayani Kalambo, ni miongoni mwa maeneo ya wakulima. Wafipa wanajulikana kwa kilimo cha matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Mkulima hufukia nyasi ardhini wakati udongo ungali na unyevu wa mvua, kisha hupanda maharage juu yake. Nyasi huoza taratibu, na msimu unaofuata tuta husambazwa ili kupandwa ulezi au mahindi. Mwenye haraka hawezi kuipata mbolea hiyo.

Kazi hiyo ya jembe ni nzito kwa nyumba moja, hivyo majirani walizoea kuitana. Mwenye shamba aliandaa pombe ya ulezi, wenzake wakaja kulima, na zamu yao ilipofika naye akaenda kuwasaidia. Deni lenyewe lilikuwa dogo, yaani kazi ya muda mfupi tu. Asiyelirudisha alijulikana mapema, tena bila kumfilisi mtu.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza kuwa kijiji cha Wafipa hakikuwa cha ukoo mmoja. Watu wasio ndugu waliishi pamoja, na ukarimu, salamu na kusaidiana vilipewa thamani kubwa. Pale ambapo damu haiwaunganishi watu, ushahidi pekee wa wema wa mtu ni mwenendo wake wa kila siku.

Hata hivyo, Ufipa nayo ilipata kujaribu njia ya mkato. Mwaka 1963 na 1964 lilipita huko vuguvugu la Kamchape, ambalo wafuasi wake walidai kuwafichua wachawi na kuwapa wanakijiji dawa, ili kila mtu aishi na jirani yake bila hofu. Halikuwa la kwanza, kwani jingine la aina hiyo lilikuwa limepita miaka ya 1930. Kurudi huko kunaonyesha kasoro yake. Dawa ilitolewa kwa siku moja, lakini shaka baina ya majirani ilizaliwa upya kila walipogombana au kupatwa na msiba. Naye aliyenyooshewa kidole hakuwa na njia rahisi ya kujitakasa.

Utafiti wa siku za karibuni unaelekea upande huo huo. Mwaka 2018, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikadiria kuwa watu waliofahamiana karibuni huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, saa 90 wawe marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 wawe marafiki wa karibu. Saa za kukaa ofisi moja hazikuwa na uzito sawa na zile za hiari, za kuzungumza na kustarehe pamoja.

Kwa mkazi wa mjini, maana yake ni kwamba imani hupimwa kwanza kwa mambo madogo: kitabu kilichoazimwa, siri ndogo, ahadi ya kukutana saa kumi. Yakitimizwa kwa pande zote mbili, mzigo huongezwa kidogo kidogo. Anayeanza kwa kudai kuaminiwa mkopo mkubwa au dhamana ya benki anaomba mavuno kabla nyasi hazijaoza.

Kukosea nako hakuvunji imani papo hapo. Rafiki anayechelewa kulipa lakini akapiga simu mwenyewe kueleza, huweza kuaminiwa kuliko yule ambaye hajawahi kujaribiwa. Ndiyo sababu methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapo shambani ndipo mwenyeji na mgeni huanza kujuana.