Kutoka Kindu hadi Dodoma na makuta kidogo: mambo ya kujua mbele ya kufunga safari

Kaka na dada walisansie, wengi mnaniuliza namna gani mtu asiye na mshahara anaweza kuvuka mpaka, kuona inchi za wengine na kurudi bila deni. Mimi nilitumia pesa ya likelemba, nikaenda mpaka Dodoma kuona Nanenane, maonyesho ya wakulima yanayofanyika Tanzania kila tarehe 8 mwezi wa 8. Kwa mwagronomi ile ni shule nzima. Haya ndiyo ninayoweza kuwaambia.

Njia. Zamani wengi walipitia Goma ao Bukavu. Tangu M23 ilipoingia Goma mwezi wa 1 mwaka 2025, na Bukavu mwezi wa 2, simshauri mtu njia ile. Kunabaki reli ya SNCC: Kindu, Kongolo, Kabalo, kiisha Kalemie. Treni yetu haina saa ya hakika, kwa hiyo usihesabu siku za njiani tu. Hesabu pia chakula cha siku za kungoja kwenye gare. Kalemie kuko maboti ya kuvuka Tanganyika mpaka Kigoma. Uliza kwanza kama kuko gile za kuokolea, na boti ikijaa kupita kiasi, acha iende. Bei ya chini haina maana kama haufiki. Kigoma unakamata treni ya reli ya kati, ile iliyofika pale mwaka 1914. Kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam kuko treni mpya ya umeme tangu 2024.

Karatasi. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kadi ya uchaguzi haijawa pasipoti. Juu ya viza, uliza konsula ya Tanzania kule Lubumbashi, usisikilize komisioneri wa bandarini. Chanjo ya homa ya manjano uipate angalau siku 10 mbele ya kuvuka, maana mbele ya hapo cheti hakihesabiwi. Tangu 2016 cheti kile ni cha maisha yote, kwa hiyo mtu akikudai ulipe kingine juu cha kwako kimepita miaka 10, mkatalie kwa upole.

Pesa. Gawanya mafungu matatu: ya kwenda, ya kukaa, ya kurudi. Fungu la kurudi lishonee ndani ya nguo, ulisahau. Dola chagua mpya na safi. Noti za zamani kule zinakataliwa, na noti ndogo zinabadilishwa kwa bei mbaya kuliko 50 ao 100. Mbadilishaji mmoja wa pembeni ya bandari alinihesabia shilingi mbio mbio, zikapungua. Nilizihesabu tena palepale mbele yake, akaongeza. Usiondoke mbele ya kuhesabu. Na M-Pesa ya namba yako ya Congo haitakutolea pesa kwa wakala wa kule, hata kama jina ni moja.

Lugha. Tunasema Kiswahili, lakini chunga. Sisi tukisema «nataka kuuza simkadi», tunataka kuipata. Kule watafikiri unaichuuza! Sema kununua. «Hoteli» kwa wengi ni fasi ya kula. Ya kulala ni gesti. Sombe wanaiita kisamvu, lengalenga ni mchicha. Saa nayo: Tanzania iko mbele ya Kindu kwa saa moja, na basi ya «saa mbili asubuhi» ndiyo ile sisi tungeandika 8h00. Ukichanganya hayo mawili, basi imekwenda na tiketi yako imekufa.

Kulala na kula. Kula kwa mama ntilie, sawasawa na malewa yetu: ugali, maharagi, dagaa. Angalia wapi madereva wanakula. Gesti tafuta mchana, mbele ya giza, uone mlango unafungika. Dada zetu, hapo msibane pesa: chumba chenye kufuli nzuri ni cha lazima. Kigoma na Ujiji kuko Wamanyema wengi, ambao babu zao walitoka huku kwetu. Salimia wazee kwa «shikamoo», sema umetoka Kindu, na utaona watu wanakuonyesha fasi ya bei ndogo.

Mizigo. Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2019. Basi funga vitu kwa kitambaa, sio kwa sasheti. Na waagronomi, nawaomba: usirudi na vijiti vya mihogo ndani ya begi, hata kama umeona aina nzuri sana. Vijiti vinabeba mozaiki na michirizi ya kahawia bila kuonekana, na mmea bila cheti cha afya ya mimea hauvuki kihalali. Shamba moja la Kindu likiugua, jirani wote wanakosa chakula. Rudi na daftari, picha na namba za simu za watu wa kule.

Mwenye kujua bei mpya za boti la Kalemie aandike hapa chini, juu zinabadilika kila mwezi. Aliyepitia njia nyingine pia atuambie, tufaidike wote.