Anger na koo lililobanwa

Msomaji ameuliza kama "angina", yale maumivu ya kifua yanayompata mtu moyo ukikosa damu ya kutosha, ina undugu na "anger", hasira ya Waingereza.

Undugu upo. Habari za Waviking nitazipita mbio: jeshi lao kubwa lilitua Uingereza mwaka 865, wengi wakalowea mashariki na kaskazini, na neno lao "angr" likabaki huko. Kwao lilikuwa huzuni, msiba. Maana ya hasira iliota Uingereza kwenyewe, ikakomaa karne ya 14.

Utamu uko nyuma ya Waviking. Mgiriki wa kale alisema "ankho", nanyonga. Mrumi "ango", nabana. Mjerumani hadi leo husema "eng", yaani finyu. Kisanskriti kina "amhas", dhiki. Kufanana peke yake si ushahidi. Ushahidi ni utaratibu: penye kh ya Kigiriki, Kisanskriti huweka h, na Kijerumani na jamaa zake huweka g, neno baada ya neno. Kwetu ni vivyo hivyo. Mswahili akisema panda, Mkikuyu husema handa, pona, hona.

Ni kama bibi aliyefariki bila kupigwa picha. Wajukuu wakikutana arusini, pua ile ile inatokea kwa wa Moshi na kwa wa Lindi, mwanya ule ule kwa watatu wasiowahi kuonana. Ukiwatazama kwa makini utamchora bibi, pua na mwanya wake. Wanaisimu wamemchora hivyo: *angh-, kubana. Nyota ya mbele inasema hakuna aliyelikuta neno hilo limeandikwa popote. Lugha ya bibi huyo naiita mame-lugha, kama wataalamu wetu wanavyosema Mame-Bantu. "Lugha mama" siikubali hapa. Hiyo ni ya mtoto aliye hai.

Basi shina ni kubanwa. William Heberden, daktari wa London, alipoyaeleza maumivu yale mwaka 1768, aliyaita angina kwa sababu wagonjwa walihisi kama wananyongwa. Kiarabu nacho kilishika njia hiyo: dhiki tuliyoipokea kwake asili yake ni ufinyu.

Uswidi neno la Waviking, "ånger", limekuwa majuto. Anayenunua kitu mtandaoni huko ana siku 14 za kughairi, na sheria huiita haki hiyo "ångerrätt", haki ya kujuta.